Mstari Mmoja Mweupe: Historia ya TV za Chogo na Mafundi Wake Pwani

Ukitoka mjini Bagamoyo kwenda kusini, ukapita Kaole yenye magofu ya kale na Mbegani yenye chuo cha uvuvi, unafika Mlingotini. Wageni wanakijua kijiji hiki kwa mwani unaolimwa na akina mama katika maji yake yaliyotulia. Mtu wa antena angekitazama kwa jicho jingine. Ukipima juu ya maji kuelekea kaskazini-mashariki, Mji wa Zanzibar uko kilomita kama 45. Ukigeuka kusini-mashariki, katikati ya Dar es Salaam ni karibu umbali huohuo, labda kilomita 50. Upande wa Unguja hakuna kilima wala msitu wa kuzuia mawimbi, ni bahari tupu.

Kwa sababu hiyo ukanda huu una historia ya televisheni isiyofanana na ya Dodoma wala Tabora. Picha zilifika hapa zikitoka ng'ambo ya maji miaka 20 kabla ya Tanzania Bara kuwa na kituo chake chochote. Zilipofika zilihitaji seti ya kuzipokea, na seti ilihitaji mtu wa kuifufua kila ilipozima. Mtu huyo, fundi wa TV, hajaandikwa sana. Vitabu vya historia ya utangazaji vinataja marais, sheria na tarehe za ufunguzi. Lakini chombo chenyewe, lile sanduku zito lenye mgongo uliochomoza ambalo leo kila mtu analiita chogo, kiliishi pwani kwa zaidi ya miaka 40 kwa sababu kulikuwa na watu waliojua kusoma ugonjwa wake usoni.

Televisheni ya Zanzibar ilianza kurusha matangazo mwaka 1973, na ilianza kwa rangi moja kwa moja. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, zote kwa picha nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilizindua matangazo yake ya televisheni Januari 1976. Kwa hiyo kisiwa kilichoishi kwa karafuu ndicho kilichotangulia kusini mwa Sahara kwa picha za rangi. Mradi ulikuwa wa Abeid Amani Karume, aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1972 kabla ya kuuona ukikamilika. Aboud Jumbe akaurithi pamoja na madaraka. Seti zilikuwa ghali, na wengi waliiona televisheni kwa mara ya kwanza kwenye seti za jumuiya, wamekaa chini pamoja na majirani, si sebuleni kwao.

Mawimbi hayajui mipaka ya Muungano. Walioishi kando ya bahari, kuanzia Dar es Salaam kupanda juu, waligundua kuwa antena ikiinuliwa vya kutosha na kuelekezwa Unguja inaleta picha. Siku nyingine picha ilikuwa safi, siku nyingine chenga tupu. Mwalimu Nyerere aliiona televisheni kuwa anasa isiyofaa kutangulia maji, shule na zahanati, na Bara haikujenga kituo. Ndiyo ilikuwa hali ya wakati ule: mwaka 1974 serikali ilizuia hata kompyuta kuingizwa nchini bila kibali maalumu. Msimamo huo ulikuwa na hoja yake, na hoja hiyo haistahili kubezwa. Lakini ulikuwa na tokeo moja ambalo halikupangwa na mtu: kwa miaka 20 ujuzi wa televisheni upande wa Bara ulikua bila shule, mikononi mwa mafundi redio.

Redio ndiyo iliyowalea. Philips walikuwa na kiwanda Arusha, Matsushita walikuwa na chao Dar es Salaam kilichotoa betri na redio za National, na kila mji ulikuwa na kibanda ambamo mtu mmoja alikaa na kolea ya kulehemu, mita na kopo la vipuri vilivyong'olewa kwenye redio zilizokufa. Aliyejua redio alijua umeme mdogo: transista, kapasita, spika. Televisheni ya kwanza iliyowekwa juu ya meza yake ilimletea kitu kigeni kabisa, chupa kubwa ya kioo isiyo na hewa ndani, yenye umeme wa kuua.

Chupa hiyo ina asili ya mbali. Mjerumani Karl Ferdinand Braun aliitengeneza mwaka 1897 ili aweze kuona umbo la mikondo ya umeme. Nyuma kabisa, kwenye shingo nyembamba, kuna waya mdogo unaopashwa moto hadi unatoa elektroni. Mbele, nyuma ya uso wa kioo, kuna unga unaong'aa unapopigwa na elektroni hizo. Katikati kuna koili za shaba zinazouvuta mwale kulia na kushoto, juu na chini, nao unafuata mistari kama msomaji anavyofuata maandishi ukurasani. Katika mfumo uliotumika kwetu mistari ilikuwa 625 na picha kamili 25 kila sekunde, maana yake mistari 15,625 kwa sekunde moja. Seti ya rangi ilikuwa na miale mitatu, mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani na mmoja wa bluu. Ili mwale ukimbie kwa nguvu hiyo, chogo la inchi 21 lilihitaji volti kama 25,000.

Volti hizo zinatengenezwa na kifaa kimoja cheusi chenye waya mnene mwekundu, flaibeki. Fundi yeyote wa pwani analijua jina hilo, na wateja wengi walilijifunza kwa kulipia.

Ukubwa wa umeme huo ulizaa adabu yake. Seti iliyozimwa na kuchomolewa ukutani bado inaweza kumrusha mtu, kwa sababu kioo chenyewe kinahifadhi chaji. Fundi aliyefundishwa vizuri hufungua kifuniko, kisha huchukua bisibisi ndefu yenye mpini wa plastiki aliyoifunga waya, ncha ya pili ya waya ameing'atisha kwenye ule waya wa shaba uliosukwa unaozunguka mgongo wa kioo. Anapenyeza bisibisi chini ya kikombe cha mpira ambako waya mwekundu unaingia. Unasikika mlio mkali wa mara moja na kuonekana cheche ya bluu. Anasubiri kidogo, anarudia. Mkono wake mwingine hauko karibu na bodi: uko nyuma ya mgongo au mfukoni, ili shoti ikitokea isipite kutoka mkono mmoja hadi mwingine kwa njia ya moyo. Vijana wanaojifunza hupewa somo hilo kabla ya jingine lolote, na asiyelishika hakabidhiwi bisibisi.

Mlango wa Bara ulianza kufunguka mwaka 1984, bajeti iliporuhusu wafanyabiashara kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zilikotoka. Chini ya Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, mlango ukawa wazi zaidi. Bidhaa za Dubai zikapitia Zanzibar na kusambaa pwani nzima: kanga, redio za kaseti, deki za video na TV. Mabanda ya video yakaota kila mahali. Watu waliyaita vibanda umiza, wakabanana humo kwenye mabenchi mbele ya seti moja kutazama filamu za Kihindi, za kareti na za Marekani. Baadaye zikaja kanda ambamo sauti ya Lufufu ilizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kwa fundi, kibanda umiza kilikuwa mteja wa kudumu. Seti ya nyumbani ilifanya kazi saa chache jioni, ya kibanda iliwaka mchana kutwa ndani ya chumba cha mabati kisicho na dirisha, na joto lile liliyakausha makapasita kabla ya wakati wake.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 ndiyo iliyoruhusu vituo binafsi. Mwaka 1994 vikaanza CTN, DTV na ITV ya Reginald Mengi, na mwaka 2000 serikali nayo ikawa na Televisheni ya Taifa. Antena za Bagamoyo zilizozoea kutazama kisiwani zikageuzwa kusini. Wengine waliweka mbili juu ya mlingoti mmoja, kila moja na upande wake, na mtoto wa nyumba akapewa kazi ya kutoka nje kuzungusha mti huku mtu wa ndani akipiga kelele dirishani: "Rudisha kidogo! Hapo, hapo, acha!"

Miaka iliyofuata, tangu 1994 hadi katikati ya miaka ya 2000, ndiyo ilikuwa neema ya fundi wa TV. Seti zilikuwa nyingi, bei ya kununua nyingine ilikuwa nje ya uwezo wa mvuvi au mwalimu, na spea zilipatikana Kariakoo. Ndipo mazingira ya pwani yalipoanza kuonyesha yanavyoua vyombo vya umeme.

Chumvi kwanza. Upepo wa baharini hubeba unyevu wenye chumvi hadi ndani ya nyumba, na TV huvuta vumbi kwa nguvu ya umeme wake mwenyewe. Vumbi hilo likishika unyevu linapitisha umeme. Wakati wa masika seti iliyokuwa nzima inaanza kuzomea kila ikiwashwa, inanuka ile harufu kali ya cheche, na gizani mwanga wa zambarau unaonekana ukitambaa kuzunguka kikombe cha mpira. Mwenye nyumba anadhani kioo kimekufa. Fundi anayeijua pwani anatoa chaji, anafuta eneo lote kwa spiriti, anakausha na kukiziba kikombe upya. Kazi ya nusu saa inaiongezea seti miaka. Fundi aliyejifunzia mbali na bahari anaweza kubadilisha flaibeki nzima, mteja akalipa, na masika yajayo kelele zikarudi palepale, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye flaibeki.

Kisha umeme wenyewe. Mgao wa 2006 na wa 2011 unakumbukwa na kila mtu wa Bara. Unguja ilipata makubwa zaidi. Kisiwa kilikuwa kinategemea waya mmoja wa chini ya bahari uliotandazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na mwezi Mei 2008 kisiwa kizima kikakaa gizani kwa karibu mwezi. Desemba 2009 kikaingia gizani tena, safari hii kwa karibu miezi mitatu. Seti haiumizwi na kukatika kwa umeme. Inaumizwa na kurudi kwake: umeme unakuja kwa kishindo, unapanda, unashuka, unapanda tena, na sehemu ya kwanza kuupokea ndani ya seti, yaani fyuzi, dayodi na kapasita kubwa ya mbele, ndiyo inayolipuka. Stabilaiza ikawa samani ya sebule, na yule asiyekuwa nayo alizoea kuichomoa TV mara tu taa zilipozimika, asiirudishe hadi taa za jirani zitulie.

Lakini kama kuna ugonjwa uliowapa mafundi jina, ni ule wa mstari mmoja mweupe.

Mteja anafika ameibeba seti kwenye baiskeli, ameifunga kwa kamba za mpira. "Fundi, sauti ipo, picha imekuwa mstari tu." Fundi anaiwasha. Kioo kizima ni cheusi, isipokuwa katikati, ambapo uzi mkali wa mwanga umelala kutoka kushoto hadi kulia. Jambo la kwanza analofanya ni kupunguza mwanga, kwa sababu nguvu yote iliyokuwa igawanywe kwenye mistari 625 sasa inaunguza mmoja, na kwa dakika chache tu inaweza kuacha kovu la kudumu. Kisha anasoma. Mstari upo, maana yake volti kubwa ipo, mwale upo, na ile saketi inayouvuta kulia na kushoto ni nzima. Kilichokufa ni kinachouvuta juu na chini. Kabla hajagusa bisibisi ameshaiondoa robo tatu ya bodi kwenye orodha ya washukiwa.

Anaifungua, anaitafuta aisii ya wima iliyofungwa kwenye bati la kupozea, na kuigeuza bodi. Hapo anahitaji macho mazuri au kioo cha kukuza. Aisii hiyo hupata moto kila seti inapowaka na kupoa kila inapozimwa, na baada ya maelfu ya jioni lehemu inayoishika miguu yake huchoka. Ukitazama kwa karibu unaona duara jembamba jeusi kuzunguka mguu mmoja, ufa usio mnene kuliko unywele. Fundi anausukuma mguu huo kwa kijiti kikavu seti ikiwa imewashwa: picha inafunguka yote, inajifunga, inafunguka. Anazima, anatoa chaji, anaondoa lehemu ya zamani na kuweka mpya. Hakununua kitu. Wateja wengine walilalamika kwamba wametozwa hela nyingi kwa tone la risasi, na hawakuwa wameelewa walichokilipia. Tone lilikuwa la bure, ila kujua liwekwe wapi kulimchukua fundi miaka.

Magonjwa mengine yalisomwa vivyo hivyo. Mstari uliosimama badala ya kulala ulimpeleka kwenye koili ya upande mwingine. Picha iliyobana kulia na kushoto ilisema umeme wa bodi ni mdogo. Picha iliyovimba na kufifia kila ukiongeza mwanga ilisema volti kubwa imechoka. Uso wa mtangazaji ukigeuka samawati, mwale mwekundu umekufa. Madoa ya zambarau kwenye kona yaliulizwa swali moja: mmeweka spika kubwa karibu na TV? Sumaku ya spika ilikuwa imelitia usumaku bati la matundu lililo nyuma ya kioo, na tiba yake ni koili inayozungushwa mbele ya uso wa seti polepole kisha kuondolewa kwa kurudi nyuma. Fundi mzoefu hakuhitaji hata mita kujua kama volti kubwa ipo. Alipeleka mgongo wa mkono karibu na kioo, na vinyweleo vikisimama, ipo. Kulikuwa pia na ule mlio mwembamba wa mistari 15,625 kwa sekunde, ambao wanagenzi waliusikia wazi na wazee wa kazi hawakuusikia tena, kwa hiyo mwanagenzi alikuwa na kazi ya kusema kama seti inaimba au haiimbi.

Na kioo chenyewe kikichoka, picha ikiwa hafifu na ya ukungu, palikuwa na ujanja ulioenea dunia nzima. Waya wa kupashia moto nyuma ya shingo hutumia volti 6.3. Fundi alikata njia hiyo, akaongeza mzunguko mmoja wa waya kwenye chuma cha flaibeki, na joto likapanda kidogo. Picha ilirudi na rangi zake. Haikuwa tiba, ilikuwa kukikopesha kioo siku ambazo kingezilipa baadaye, na fundi mwaminifu alimwambia mteja hivyo tangu mwanzo.

Historia hii inakutana na ile ya mashine za michezo kwenye nukta isiyojulikana sana. Mwaka 1972, wakati Zanzibar ikijiandaa kurusha picha zake, kijana mhandisi Allan Alcorn wa kampuni changa ya Atari huko California alikuwa anaunda mchezo wa Pong. Kioo cha mashine ile ya kwanza, iliyowekwa katika baa moja ya Sunnyvale, kilikuwa televisheni ya kawaida ya Hitachi, nyeusi na nyeupe, iliyonunuliwa dukani na kuingizwa ndani ya sanduku la mbao. Space Invaders ya 1978 na Pac-Man ya 1980 zilitumia vioo vya aina hiyohiyo, vyenye mistari ya kasi ileile kwa karibu sana, na vilikufa kwa magonjwa yaleyale: kapasita zilizokauka, flaibeki, lehemu iliyopasuka, mstari mmoja mweupe. Fundi wa Bagamoyo angefungua mashine ya Pac-Man na kujikuta nyumbani.

Mashine zile kubwa za kutumbukiza sarafu hazikuenea pwani yetu. Nafasi yake ilichukuliwa na chogo la kawaida lililounganishwa na gemu. Kwanza zilikuja zile nakala za bei rahisi za Nintendo kutoka Taiwan na China, pamoja na bunduki ya plastiki ya kuwindia bata. Bunduki ile ilikuwa na jicho tu. Ukivuta kifyatulio, kioo kinakuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha kiboksi cheupe kinawaka mahali alipo bata, na jicho likiuona mwanga huo kwa wakati wake, bata anaanguka. Yote yalitegemea mwale unaochora papo hapo. Ilipokuja TV bapa, ambayo huichelewesha picha kidogo kabla ya kuionyesha, bunduki zote zikapofuka, na wazazi wengi walidhani zimeharibika.

Kisha ikaja PlayStation, na ya pili yake iliyotoka mwaka 2000 ndiyo iliyojenga vibanda vya gemu katika miji na vijiji. Chogo mbili au tatu ukutani, padi zilizolegea, mechi moja ya Winning Eleven kwa sarafu, aliyefungwa ananyanyuka. Hii ndiyo ilikuwa mashine ya sarafu ya Afrika Mashariki, na iliacha alama ileile. Vioo vya Pac-Man vilijulikana kwa kovu la ile ramani ya vichochoro iliyojichora moja kwa moja. Vya vibanda vyetu viliungua juu, panapokaa saa na matokeo ya mechi, na hata seti ikizimwa kivuli chake kilibaki. Kovu hilo halina dawa. Unga umechoka, na fundi anayeahidi kuuondoa anadanganya.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Wengi walitabiri kuwa ndio mwisho wa chogo. Ikawa kinyume, angalau kwa muda. King'amuzi kilihitaji tu zile tundu tatu, njano, nyeupe na nyekundu, na karibu kila chogo la kisasa lilikuwa nazo. Seti ambazo tuna zake zilikufa zamani, zilizokuwa zimetupwa stoo kwa kukosa chaneli, zikatolewa, zikafutwa vumbi na kuuzwa tena, maana kazi ya kutafuta chaneli sasa ilikuwa ya king'amuzi. Kwa mafundi wa pwani ulikuwa msimu mwema wa mwisho.

Mwisho wenyewe ulitoka viwandani. Sony ilisimamisha utengenezaji wa Trinitron zake mwaka 2008. Marekani, karakana ya Hawk-Eye huko Des Moines, iliyokuwa ikifungua vioo vilivyochoka na kuvipa mioyo mipya, ilifunga mwaka 2010. Tangu hapo wakusanyaji wa mashine za zamani huko Ulaya na Marekani wanagombea kila kioo kizima, na mtu anaweza kununua seti nzima kwa ajili ya koili zake tu. Wanabadilisha kapasita zote kwa mkupuo, wanalehemu upya miguu ya aisii, wanasoma mstari mmoja mweupe. Ni kazi inayoheshimiwa na kulipwa vizuri. Fundi wa Kariakoo au Bagamoyo aliifanya kazi hiyohiyo kwa miongo mitatu, mara nyingi bila mchoro wa saketi, kwa spea alizong'oa kwenye seti nyingine, kwa mteja aliyetaka kulipa mwisho wa mwezi. Haifai ujuzi wake uonekane mdogo kwa sababu haukuandikwa.

Leo meza zao zimejaa TV bapa. Ugonjwa mkuu ni taa za ndani: sauti ipo, kioo cheusi, na ukimulika kwa tochi unaona picha hafifu ikicheza. Fundi aliyelelewa na chogo anaufikia haraka, kwa kuwa saketi ya umeme ya mbele haikubadilika sana, na tabia ya kujiuliza nini bado kinafanya kazi kabla ya kuuliza nini kimekufa anatembea nayo. Waliokuja baadaye wengi hubadilisha bodi nzima. Kioo bapa kikipasuka, hakuna anayeweza kufanya kitu.

Yamebaki machogo yenyewe. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapenda shaba ya koili, na bodi nazo zina mnunuzi. Kioo hakina. Ndani ya glasi ya chogo moja kuna risasi ya kilo moja au zaidi, iliyowekwa makusudi ili kumkinga mtazamaji na mionzi, na haina madhara glasi ikiwa nzima. Ikipondwa na kutupwa mtoni au kwenye mikoko ni jambo jingine, hasa kwa vijiji ambavyo riziki yao ni pweza, kaa na mwani. Kuvunja shingo ya chogo ili kupata koili haraka kunaingiza hewa kwa kishindo na kurusha vipande usoni, na mafundi wazee huwafukuza watoto wanaojaribu. Baadhi yao bado wanaweka chogo mbili tatu chini ya meza, zimefunikwa kwa gunia, shingo zikielekezwa ukutani. Mtu akija na seti ya mama yake ambayo hataki kuitupa, bado wanaweza kumpatia flaibeki.